Benchi la Besi

Miezi mitatu mizima Asa Pruett aliimba besi, na hakuna aliyemsikia isipokuwa kuku. Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma bati, aliingia kwenye banda refu, akapita katikati ya kuku akiokota waliokufa na kuwatia kwenye ndoo, huku akiimba. Feni kubwa za ukutani zilinguruma, kuku wakalalama, na sauti yake mpya ikapotea humo kama chumvi kwenye maji. Ndivyo alivyotaka. Sauti yenyewe ilikuwa bado ngeni kwake. Siku nyingine ilishuka vizuri kama ndoo kisimani. Siku nyingine ilikwama katikati ikapiga ukelele, hata kuku wa karibu wakanyamaza na kumtazama.

"Mnanitazama nini?" aliwauliza. "Ninyi wenyewe hamjui hata noti moja."

Wimbo ulikuwa mmoja tu, wimbo wa Babu Hoyt. Asa alijifunza besi yake kutoka kwenye kaseti iliyosahaulika katika redio ya pikapu ya mzee, kaseti iliyorekodiwa kanisani Hebron zamani, feni zikisikika na mtoto akilia kwa mbali. Sehemu ya kwanza watu wote huimba pamoja. Kisha huja kimya kifupi, halafu sauti zinaanza kufukuzana, besi ikitangulia peke yake, teno ikifuata, soprano, na mwisho alto. Kwenye kaseti, kimya kile hakikuwa hata kimya. Babu aliingia kama jirani anayefungua mlango kabla hajabisha, sauti yake nzito ikiwaburuta wengine nyuma yake. Asa aliukariri wimbo hivyo hivyo, kila pumzi mahali pake.

Babu Hoyt alizikwa Februari, nyuma ya kanisa, pembeni ya wazazi wake. Asa hakuwepo. Alikuwa hospitali, Birmingham.

Watu wanaopenda mambo mepesi wangeyafunga yale mawili kwa kamba moja: kwamba kijana alisema yeye ni mvulana, kisha akaugua akili. Haikuwa hivyo. Ugonjwa ulikuwa umemwingia tangu shule ya kati, ukija na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ukija, alilala mchana na kukesha, chakula kikawa kama karatasi mdomoni, na wazo moja likakaa kichwani na kumsemesha kwa sauti tulivu isiyo na noti. Kuhusu uvulana wake, hilo lilikuwa jambo la zamani kuliko ugonjwa, nalo halikuwa na giza. Lilikuwa kama kujua mkono unaotumia kuandikia.

Aliwaambia Bibi na Babu mezani, mwishoni mwa kiangazi, baada ya kutimiza miaka kumi na tisa. Wao ndio waliomlea, mama yake, Janelle, akifanya kazi mbali na kuja sikukuu. Bibi Verlene alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Na jina ni nani sasa?"

"Asa."

"Asa yule mfalme wa Yuda?"

"Huyo huyo, Bibi."

"Alikuwa mfalme mzuri," Bibi alisema baada ya kufikiri. "Ila uzeeni aliugua miguu. Uwe unavaa soksi."

Babu Hoyt hakusema neno. Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akaenda kuangalia mashine ya chakula cha kuku, mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hakusema neno vuli ile yote. Asa alianza sindano zake za homoni, koo likaanza kuwasha, sauti ikaanza kuteremka, na Babu aliishia kumtazama tu wakati wa kula, kichwa kikiwa upande, kama fundi anayesikiliza injini. Kisha baada ya mwaka mpya ugonjwa ukarudi na nguvu zake zote. Asubuhi moja Asa alimwambia Bibi ukweli, kwamba anaogopa kuachwa peke yake na nafsi yake. Bibi hakuuliza mara mbili. Alivaa koti, Babu akawasha pikapu, wakamkalisha katikati yao mpaka Birmingham. Mlangoni pa hospitali Babu alimvua Asa kofia ya sufu, akaikung'uta theluji, akamvisha tena. "Haya," alisema. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwake, kwani kabla Asa hajatoka moyo wa mzee ulisimama akiwa bandani, na kuku wakamzunguka mpaka Bibi alipokwenda kumtazama.

Wazo lile tulivu halikuhitaji zaidi ya hapo. Wewe ndiye uliyemuua, lilisema. Ulimtwika mzigo, akanyamaza nao, ukampasua. Daktari alimfundisha kulijibu: nimekusikia, sasa kaa chini. Mara nyingine lilikaa. Vidonge vilimrudishia usingizi na hamu ya kula, vikamwachia mikono inayotetemeka kidogo. Alirudi nyumbani, akashika kazi ya banda. Lakini kila alipofikiria kanisa la Hebron na mkutano wa nyimbo wa Juni, wazo lilisimama tena.

Kwani wewe utakaa wapi?

Hilo ndilo lilikuwa swali lote. Hebron mabenchi hupangwa mraba, kila sauti upande wake, na anayeongoza husimama katikati. Tangu utotoni Asa alikaa alto, ubavuni mwa Shangazi Merle, kama wote walivyomwita, mdogo wake Bibi. Sasa alto hakuifikia. Besi aliifikia, lakini besi lilikuwa benchi la Babu, na kumkalia mtu kiti chake baada ya kumuua, hata shetani angeona haya. Asipokaa popote, basi hataimba tena, na kuimba ndiko kulikokuwa mahali pekee ambapo kichwa chake kilinyamaza.

Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, Bibi alikuwa akimenya mayai ya kuchemsha, Asa akichanganya haradali ya kujazia.

"Kesho utakaa wapi?" Bibi aliuliza bila kuinua macho.

"Nje."

"Nje wanakaa wachanga wenye kulia na wazee wa sigara. Wewe ni yupi?"

"Nitakaa kwenye pikapu, Bibi. Nitasikia vizuri tu."

"Merle amekuwekea nafasi altoni."

"Sifiki tena alto."

"Basi besi."

"Besi hapana."

"Kwa nini?"

Asa aliendelea kukoroga haradali ambayo ilikuwa imeshachanganyika. Bibi alimtazama, akalipuliza yai vipande vya ganda, akaliweka sahanini.

"Merle pia ameuliza kama akutaje kwenye maombi, pamoja na wagonjwa."

"Kwa jina gani?"

"Lako. Unadhani Merle hajui kujifunza? Inamchukua muda, lakini hata mkate wake huumuka polepole. Nimemwambia asikutaje. Anayekuja kwa miguu yake si wa kutajwa." Alichukua yai lingine. "Sikulazimishi kitu. Ila kesho naongoza wimbo wa babu yako, na sitauongoza wewe ukiwa umejifungia garini kama mbwa."

Jumapili ilipambazuka na joto. Magari yalijaa chini ya misonobari, mengine yakitoka Georgia, na meza ndefu za saruji nyuma ya kanisa zilikuwa zimeshafunikwa vitambaa. Asa alibeba sahani ya mayai kwa mikono miwili ili isitetemeke.

Mlangoni alisimama Ndugu Doyce Lackey, mpanga zamu za waongozaji wa nyimbo, mzee mwenye mikono kama majembe na nyonga mbovu. Alikuwa amekaa bega kwa bega na Babu Hoyt kwenye benchi la besi tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Asa," alisema. Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kofia mpya. "Ni Asa, sivyo?"

"Ndiyo, Ndugu Doyce."

"Umekonda."

"Chakula cha hospitali."

"Chakula cha hospitali ni adhabu juu ya ugonjwa. Leo tutakurekebisha. Hayo mayai ni ya Verlene?"

"Ni yake."

"Nipe moja nihakikishe kama hayajaharibika."

Alikula mawili kuhakikisha zaidi.

Ndani, watu walijipepea kwa pepeo za karatasi zilizotolewa na duka la majeneza, zenye picha ya Yesu upande mmoja na namba ya simu upande wa pili. Asa alisimama penye mlango. Aliliona benchi la mbele la besi. Nafasi ya Babu ilikuwa wazi. Hakuna aliyeambiwa asikae, na hakuna aliyekaa. Upande wa pili wa Ndugu Doyce kulikuwa na nafasi nyingine, imewekewa kofia yake ya majani. Mgeni mmoja wa Georgia aliigusa kofia akitaka kukaa. Doyce akatikisa kichwa: "Hapo pana mtu." Mgeni akaenda nyuma kwa mwenzake. Besi siku ile ilikuwa watu watatu, kofia, na pengo.

"Hee! Huku!" Shangazi Merle alikuwa akipigapiga benchi la alto kwa kiganja. "Njoo, bint... njoo, Asa. Nimekuwekea hata mto."

Miguu yake ikaenda ilikozoea. Alikaa. Nyimbo zikaanza, ukurasa baada ya ukurasa, majina ya noti kwanza, fa na sol na la, kisha maneno, mbao za sakafu zikipokea visigino vya watu wote. Asa alifungua mdomo na kuufunga kama samaki. Sauti yake ilikuwa chini kabisa ya alto, na kuishusha mahali pake hapo, katikati ya akina mama, kungekuwa kama kuangusha gogo kwenye sherehe ya chai.

Merle alimwinamia. "Mbona najisikia mwenyewe tu?"

"Koo, Shangazi."

Alifungua mkoba, akampa peremende ya minti. "Mumunya, lainisha. Tunakuhitaji kwenye kumbukumbu."

Kumbukumbu huja kabla ya chakula. Mmoja husimama na kuwataja waliokufa mwaka ule, kisha wagonjwa na walioshindwa kufika, na kila kundi huimbiwa wimbo. Mwaka huo alisimama Merle. Aliwataja marehemu bila karatasi, kwa kuwa alikuwa amewapikia wote kwa wakati wake. Wa mwisho akasema, "Na shemeji yangu Hoyt Pruett, aliyetuimbia kwa nguvu." Watu wakaguna kwa upendo. Kisha akataja wagonjwa. Asa alishika ukingo wa benchi. Merle alimaliza majina, akamtazama kidogo, akakaa bila kuongeza.

Bibi Verlene akaingia katikati ya mraba. Kiongozi huelekea teno, kwa hiyo mgongo wake uliwageukia watu wa alto, na Asa akaona kisogo chake, nywele nyeupe zimebanwa kwa kibanio kile kile cha kila siku. Alitaja ukurasa. Hakusema lingine. Mkono wake ulipanda, ukashuka, na kanisa likaondoka naye.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Kisha kikaja kimya, na mkono wa Bibi ukageukia besi kuialika.

Hakuna kitu. Ndugu Doyce alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitabu chake, mabega yakipanda na kushuka. Wale wawili wa Georgia walikuwa wakimtazama yeye awaingize. Teno moja ikaanza kwa kubahatisha, soprano zikasita, na wimbo ukaanguka kama hema lililong'olewa vigingi.

"Turudi mwanzo," Bibi alisema.

Wakarudi. Doyce aliinua kichwa, akapanua kifua, na mahali pa kuingia kinywa chake kikafunguka bila sauti. Alitikisa kichwa na kufunika macho. Feni ziliendelea kuzunguka. Nje mtoto alikuwa akiomba kuku wa kukaanga.

Bibi aliushusha mkono wake, akaupangusa kwenye gauni.

Kaa hivyo hivyo, wazo lilisema. Hapa hukualikwa. Wewe ndiwe sababu ya pengo lile.

Nimekusikia, alijibu moyoni. Kisha alisimama.

"Wewe, unakwenda wapi?" Merle alinong'ona.

Mabenchi ya alto na ya besi hukutana kwenye kona. Asa aliipita kona, akamkanyaga mgeni wa Georgia kiatu, akasema samahani, akaketi mahali pa Babu kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi. Mbao pale ilikuwa imelika kidogo. Doyce aligeuka na macho mekundu, akakisogeza kitabu chake kikawa katikati yao. Bibi hakuona chochote. Alikuwa ameelekea teno, akijikusanya.

"Mara ya tatu," alisema. "Na Mungu atuhurumie."

Mkono ukapanda. Sehemu ya kwanza ikapita, na Asa akaimba besi yake mle ndani ya sauti za wote, akijificha. Kifua chake kilipokea mtikisiko wa sauti ya Doyce kutoka ubavuni. Halafu mstari ukaisha, naye akavuta pumzi pale alipozoea kuivuta bandani, akaingia.

Aliingia peke yake.

Mkono wa Bibi ulikuwa bado hewani, haujageuka. Kanisa zima lilikuwa kimya kama linavyopaswa kuwa, na katika kimya hicho noti moja nzito ilitoka kinywani mwa Asa, ikaenda vizuri, kisha ikapasuka katikati na kuwika kama jogoo anayejifunza.

Aliufunga mdomo. Masikio yalimwaka moto. Laiti sakafu ingepasuka, angeingia na kuwaomba waifunge. Bibi alikuwa amesimama na mkono juu, amewapa mgongo nusu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Analia, Asa alijua. Nimemliza mbele ya watu wote.

Bibi akageuka. Machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, anacheka mpaka akajishika mbavu.

"Hoyt Pruett!" alipiga kelele. "Hata kaburini umeshindwa kungoja?"

Kanisa likapasuka. Teno wakajipiga mapaja, akina mama wa alto wakajifunika nyuso kwa pepeo, na Shangazi Merle akasikika juu ya wote: "Pale pale! Kaingia pale pale!" Ndugu Doyce alicheka akilia na akalia akicheka, akampiga Asa mgongoni mpaka peremende ikamtoka kinywani.

"Nani kakufundisha kuingia hapo?" aliuliza alipopata pumzi.

"Si ndivyo wimbo ulivyo?"

Kicheko kikaanza upya. Mgeni wa Georgia alilazimika kutoka nje.

"Ndivyo ulivyo kwenye kaseti!" Asa alijitetea.

"Kaseti ya nani?" Bibi aliuliza, akijifuta.

"Ya Babu. Iko kwenye pikapu."

"Sikiliza," alisema Doyce. "Babu yako kila mwaka wa Mungu aliingia kabla ya wakati kwenye wimbo huu. Kila mwaka! Tulimsema, tukamkanyaga mguu, nilimshika suruali nyuma nikamzuia kama mbuzi. Haikusaidia. Alisema yeye yuko sawa, sisi wote ndio tunaochelewa. Wewe mwenyewe umekaa altoni miaka yote, hujawahi kujua?"

Asa alifikiri. Hakuwahi kujua. Kwa mtoto aliyekulia pale, wimbo ulikuwa umefanywa hivyo, kama nyumba ambayo ngazi yake moja ni fupi kuliko nyingine na miguu ya wenyeji haioni.

"Haya," Bibi alisema, akainua mkono, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Februari. "Mara ya nne. Asa, ngoja mkono wangu, mwanangu. Safari hii tu."

Aliungoja. Ulipogeuka na kumwita, waliingia pamoja yeye na Doyce, na wale wa Georgia, aliyebaki na aliyerudi, teno zikawafuata, soprano zikapanda juu yao, alto zikaja mwisho na kuziba kila ufa. Sauti yake haikukwama. Au ilikwama, lakini penye sauti nyingi namna ile ufa mmoja hauonekani. Kichwani mwake palikuwa na kimya, kile kimya alichokuwa akikitafuta tangu Januari.

Wakati wa chakula alikaa chini ya msonobari na sahani iliyojaa kuliko aliyoomba: kuku wa kukaanga, bamia, maharage mapana, mkate wa mahindi. Alimeza kidonge chake cha mchana kwa chai baridi yenye sukari. Ndugu Doyce alikuja akichechemea, akateremka kwenye kiti cha kukunja kwa miguno mitatu, na Bibi na Merle wakaja na pudingi ya ndizi.

"Miaka kumi nimemfundisha alto bure," Merle alilalamika. "Na kile kiti sasa nimwekee nani?"

"Weka mkoba wako," Bibi alisema. "Kwa ukubwa ule utaimba wenyewe."

Doyce alikuwa akimtazama Asa na kutikisa kichwa. "Na mimi mpumbavu," alisema. "Sasa ndiyo naelewa."

"Unaelewa nini?"

"Kabla ya Krismasi Hoyt alikuja kwangu kuazima msumeno. Akasimama pale uani, unajua alivyokuwa, dakika kumi anaangalia msumeno kana kwamba ndio kwanza anauona. Kisha akasema: 'Doyce, kile kiti cha upande wako wa kushoto usimpe mtu. Mjukuu wangu wa kiume sauti inashuka. Ikitulia namleta.' Akachukua msumeno akaondoka. Nikabaki nimeduwaa. Nikamwambia mke wangu, Hoyt ana mjukuu wa kiume? Janelle ana mtoto mmoja tu na ni wa kike! Mke wangu akasema labda mzee alikuwa na nyumba nyingine ujanani."

"Nyumba nyingine!" Bibi alisema. "Hoyt? Hata hii moja alisahau njia."

"Basi mwezi ule wote nilikuwa namwangalia kwa jicho lingine. Nikasema, kumbe wewe mzee mkimya, mambo yako! Halafu akafa, nikaogopa kumwuliza Verlene. Lakini aliniachia agizo, na agizo ni agizo. Kila tulipoimba niliweka kofia yangu pale. Sikujua namwekea nani."

Asa alikuwa ameacha kutafuna. "Alikuwa na hasira?" aliuliza. "Siku hiyo. Alionekana mtu mwenye mzigo?"

"Nani, Hoyt? Alikuwa anatamba, kijana! Unajua sisi tumemwomba Mungu besi tangu lini? Kila mtoto wa kiume akikua anakwenda teno kwa sababu ndipo wasichana wanapotazama. Yeye akaipata jikoni kwake. Alinitambia mpaka nikamwonea wivu."

Asa aliishika sahani mapajani kwa mikono miwili. Bibi aliichukua, akaiweka chini.

"Hakuniambia," Asa alisema. "Miezi yote ile. Alinitazama tu."

"Alikuwa anasikiliza kama imetulia," Bibi alisema. "Nami hakuniambia. Nilidhani unajua kwamba hana kinyongo, kwa jinsi alivyokuwa akikuangalia. Babu yako aliwahi kila kitu maishani mwake isipokuwa kusema."

"Nilidhani ndiyo iliyomuua."

Akina mama wale wawili walitazamana. Merle ndiye aliyejibu, kwa ukali, kama mtu aliyesikia tusi.

"Kilichomuua Hoyt ni mafuta ya nguruwe na kutosikia daktari. Usimnyang'anye mtu kifo chake mwenyewe." Alimpa kijiko. "Haya, lia kidogo, halafu kula. Pudingi ikipata joto haina maana."

Alilia kidogo, akala. Wazo lile halikufa siku hiyo. Daktari alishamwambia halifi kwa neno moja. Lilikuja tena vuli ile, na baridi iliyofuata, na alirudi Birmingham mara nyingine kwa siku chache. Lakini lilipokuja lilikuta mlango umebadilishwa kufuli. Likisema wewe ndiye uliyemuua, alijibu: nilimfanya atambe.

Kengele ya mchana ilipolia waliingia tena. Asa alikwenda moja kwa moja mbele, akasita penye nafasi ya Babu.

"Hapo ni pa Hoyt," Ndugu Doyce alimwambia. "Asubuhi tumekusamehe kwa kuwa nyumba ilikuwa inaungua." Aliinua kofia yake ya majani upande wa kushoto, akaipulizia vumbi, akaivaa ndani ya kanisa mbele ya wote. "Chako ni hiki."

Asa akaketi. Mbao ya hapo ilikuwa bado ngumu, haijalika.

Jioni walirudi nyumbani na vyombo vitupu vikigongana nyuma ya pikapu. Kabla ya kuondoka walikuwa wamepita kaburini. Bibi aliokota majani ya misonobari juu ya udongo, na Asa alisimama pale akisema tu "Haya," kwa sababu ndilo neno aliloachiwa na Babu. Sasa Bibi aliendesha gari akiwa amevua viatu, kaseti ikiimba. Walifika kwenye ule wimbo. Babu akaingia mapema, kwa nguvu, na wote wawili wakacheka.

"Mwakani nitangoja mkono, Bibi," Asa alisema. "Tangu mwanzo. Nimeshaelewa sasa."

Bibi alikunja kona ya kuingia nyumbani, kuku wakaanza kusikika.

"Thubutu kungoja uone," alisema.